Udalali wa Simu na Ushahidi wa Ardhi

Katika miaka hii ya karibuni kazi ya udalali wa nyumba na viwanja imehama kutoka chini ya mwembe, ikaingia katika simu ya mkononi. Dalali wa leo hana haja ya kukaa kijiweni akingoja mteja apite. Anapiga picha kiwanja, anaandika maneno machache chini ya picha, anaituma Instagram, Facebook na katika makundi ya WhatsApp, na kabla ya adhuhuri watu wa Mbagala, Mwanza na Maskati wamekwisha kuiona. Wenye mitaji mikubwa zaidi wamejenga tovuti ambamo nyumba hupangwa kwa bei, kwa idadi ya vyumba na kwa wilaya, kama vitabu katika rafu za maktaba. Vyombo hivi ndivyo ninavyotaka kuvijadili. Mimi si fundi wa kompyuta, na sitajifanya fundi. Nimetumia umri wangu mwingi katika chuo cha ualimu nikisoma maandishi ya watu wengine na kuyasahihisha, na ni kwa jicho hilo nitakalovitazama: maandishi haya yanasema nini, na yananyamazia nini?

Ndugu msomaji anaweza kushangaa kwamba mzee wa Kiongoroni, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa chombo cha majini, anajishughulisha na jambo la mijini. Lakini si la mijini tena. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na barabara ya Kilwa ikawa njia ya kupitika mwaka mzima, macho ya wanunuzi yamekuwa yakishuka kusini pole pole: Vikindu, Mkuranga, Bungu, Kibiti. Simu haihitaji hata barabara. Imekwisha kufika katika delta kabla ya lami.

Tuanze kwa kutenda haki. Vyombo hivi vimeleta nafuu ya kweli. Mwalimu kijana anayehamishiwa Dar es Salaam kutoka Tunduru zamani alishuka kwenye basi na begi lake, akawa mateka wa dalali wa kwanza aliyemkuta. Alizungushwa kutwa nzima, akalipia kila mlango aliofunguliwa, na mwishowe akatoa kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wa dalali, juu ya kodi ya miezi sita au mwaka aliyotakiwa na mwenye nyumba. Leo kijana huyo anaweza kuona bei za vyumba vya Tabata na vya Kigamboni akiwa bado Tunduru, akalinganisha, akajua kwamba anadanganywa kabla hajadanganywa. Aidha, mama mwenye nyumba moja ya kupangisha hana tena ulazima wa kumpigia magoti dalali wa mtaa. Mtu asemaye kwamba zamani chini ya mwembe palikuwa na uaminifu mtupu, amesahau. Viwanja viliuzwa mara mbili na mara tatu hata wakati wa kalamu ya wino.

Basi lawama yangu si kwamba simu imeleta uongo. Uongo ulikuwapo. Lawama yangu ni nyingine, na ili niieleze naomba tusome pamoja tangazo kama tunavyosoma insha ya mwanafunzi.

Matangazo ya viwanja yana lugha yake, na aliyesoma ishirini amesoma yote. "Kiwanja kizuri sana kinauzwa." Sifa imetangulia kabla ya kitu chenyewe. "Dakika tano kutoka lami." Dakika tano za nani? Za mtoto wa shule anayetembea, au za bodaboda wakati wa kiangazi? Umbali hupimwa kwa mita na kilomita, nasi tulifundisha hivyo tangu darasa la tatu. Dakika ni kipimo cha asiyetaka kupimwa. "Hati ipo kwenye mchakato." Hapa mwalimu angepiga mstari mwekundu, kwa sababu sentensi hiyo maana yake ni kwamba hati haipo. "Bei maelewano." "Wahi, vimebaki viwili tu." Na mwisho huja maneno mawili ambayo ndiyo mzizi wa hoja yangu: "Hakina mgogoro."

Nani amesema hakina mgogoro? Ameulizwa nani? Jirani wa mashariki ameulizwa? Mwenyekiti wa kijiji ameulizwa? Mke wa muuzaji ameulizwa? Tangazo halisemi. Wazee walitwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika simu vyote vinajitembeza, kizuri na kibaya, kwa sauti moja na rangi moja, na msomaji hana namna ya kuvitenganisha.

Nitatoa mfano ulio karibu nami. Si miaka mingi iliyopita lilizunguka katika simu tangazo la shamba la huku kwetu delta. Picha ilikuwa nzuri kwelikweli: minazi, mchanga mweupe, maji ya buluu kwa mbali, na nyuma yake kijani kibichi cha miti. Maneno yalisema kwamba ni ardhi ya ufukweni, inafaa hoteli, ina miti ya asili, na haina mgogoro. Mnunuzi, mtumishi wa afya aliyekuwa amejiwekea akiba kwa muda mrefu, alituma malipo ya awali kwa simu ili asipitwe. Kisha akapanda gari hadi Nyamisati, akapanda mashua, akaja kuona mali yake. Alimkuta mama mjane anapalilia mpunga.

Shamba lilikuwa la marehemu mumewe. Kijana mmoja wa upande wa mume ndiye aliyepiga picha. Dalali aliyelitangaza hakuwahi kukanyaga delta maishani mwake. Alikuwa amelichukua tangazo kwa dalali mwenzake, akaongeza cha juu, akalituma tena. Huyo naye alilipata kwa mwingine. Mchanga mweupe ulioonekana katika picha ulipigwa picha maji yakiwa yamekupwa. Siku ya bamvua panakuwa bahari. Ile miti ya asili ilikuwa mikoko, nayo ni msitu wa hifadhi ya serikali, hauuzwi na mtu. Hata pale palipokuwa pakavu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Mnunuzi alipopiga ile namba ya simu, haikupatikana. Mama aliendelea kulima, lakini kwa miezi kadhaa alikuwa hapati usingizi, kwa kuwa kila mashua ngeni iliyotia nanga alidhani inakuja kumwondoa.

Angalia jambo hili, msomaji wangu. Katika picha ile hapakuwa na uongo hata mmoja. Minazi ilikuwa minazi, na mchanga ulikuwa mchanga. Kilichokosekana ni saa ya maji, na yule mama. Chombo kilichukua ardhi kikaacha watu wake nje ya fremu.

Sisi watu wa Rufiji tunayo sababu ya kuogopa macho ya namna hiyo, maana si mara ya kwanza kutazamwa hivyo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, ilipokuja Operesheni Rufiji, watu wengi wa bonde walihamishwa kutoka kwenye ardhi ya rutuba wakapelekwa juu katika vijiji vipya. Waliopanga waliona mafuriko kuwa balaa tu. Hawakuona kwamba mafuriko hayo hayo ndiyo yaliyokuwa mbolea, wala hawakuuliza kwa nini mkulima hujenga dungu juu ya nguzo badala ya kukimbia. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba hapa delta, juu ya maelfu ya hekta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri kinyume. Wananchi walikwenda mahakamani, na mabwawa yale hayakujengwa. Katika ramani za mradi delta ilikuwa maji, matope na miti, na hapo ndipo penye mafunzo. Waliokuwa wakivua, wakilima na kuzika wazee wao humo walilazimika kwenda kujieleza kwamba wapo. Kinachonitia wasiwasi leo ni kwamba jicho lile lililokuwa la serikali na makampuni makubwa, sasa yupo nalo kila mwenye simu.

Nilizungumza juu ya haya na kijana mmoja wa Kibiti anayefanya kazi ya udalali, mtoto wa mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuja kunijulia hali.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia siku hizi unauza hata mapori."

Akacheka. "Mwalimu, mimi naunganisha watu tu. Mteja hataki historia ya shamba. Anataka picha, bei na lokesheni. Nikiandika mambo mengi, anapita kwenda kwa mwingine."

"Na akija akakuta mgogoro?"

"Hapo tena si mimi, Mwalimu. Hapo ni yeye na muuzaji."

Kijana huyu si mwizi. Ni mchapa kazi, ana mke na watoto, na alilosema ni kweli kwa jinsi chombo chake kilivyo. Lakini nilimkumbusha jambo la lugha. Neno dalali tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa neno dalili. Dalali ni mwenye kuonyesha, na dalili ni kile kinachoonyesha ukweli wa jambo. Dalali asiye na dalili ana nusu ya jina lake. Anapokuwa mtu wa kuunganisha tu, bila kujua anachokiunganisha, amejigeuza waya.

Tena sheria zetu zenyewe zimejengwa juu ya mashahidi. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na zimeigawa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Tangazo la simu halisemi ardhi iko fungu gani, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kuigawa. Hati yake ni ya haki miliki ya kimila. Karatasi iliyoandikwa na watu wawili hotelini mbele ya dalali haiwezi kushika nafasi ya kikao hicho. Vilevile Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Yaani sheria inauliza maswali ambayo tangazo linayaruka.

Yafaa tutazame na wenzetu. Huko Marekani madalali wa nyumba waliungana tangu 1908 katika mji wa Chicago, wakaunda chama cha taifa. Na desturi yao ya kubadilishana orodha za nyumba ni ya zamani kuliko chama chenyewe. Orodha hizo zilikuja kuwekwa katika kompyuta, lakini chini yake palikuwa na masharti: anayeingiza nyumba katika orodha anajulikana, na anawajibika. Kompyuta ilikuta utaratibu, ikauharakisha. Hata hivyo nao wameonja uchungu. Kampuni ya Zillow, iliyofungua tovuti yake mwaka 2006, ilijisifu kwa hesabu za kukadiria bei ya kila nyumba, ikafika mahali pa kununua nyumba yenyewe kwa kutegemea hesabu hizo. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, kwa kuwa bei hazikutabirika kama ilivyodhani. Ikiwa katika nchi ambako kila kiwanja kina namba na kumbukumbu hesabu ilipotea njia, kwetu je, ambako mpaka wa shamba unaweza kuwa mnazi, mkondo wa maji au kaburi?

Jirani zetu wa Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, inayomtaka wakala asajiliwe, na Aprili 2021 walizindua mfumo wa kumbukumbu za ardhi unaoitwa Ardhisasa, wakianzia Nairobi. Hapa Tanzania Wizara ya Ardhi nayo imekuwa ikihamishia kumbukumbu katika kompyuta, na wathamini wa mali wana sheria yao ya usajili ya mwaka 2016. Lakini katika maisha ya kila siku mtu hununua kifurushi cha intaneti asubuhi, na jioni amekwisha kujiita dalali. Hata zile tovuti kubwa si nguzo ya kuegemea. Jumia, iliyopata kuwa na tovuti ya nyumba na viwanja, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Duka likifungwa hakuna ubaya, ni biashara. Ila wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na tangazo si daftari. Linafutwa kwa kidole kimoja, na pamoja nalo hufutika ahadi zote zilizoandikwa chini ya picha.

Asije mtu akasema basi Mwalimu anaichukia simu. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua katika jambo hili umetendeka kwa simu hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2014, katika kijiji cha Ilalasimba, Iringa, kwa msaada wa Wamarekani, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mipaka ya mashamba kwa simu. Lakini hawakupima peke yao. Mwenye shamba aliuzunguka mpaka wake kwa miguu, majirani wakiwapo, na simu ikaandika kila kona waliyokubaliana. Kisha matokeo yaliwekwa wazi kijijini ili mwenye neno aseme neno lake. Baada ya hapo ndipo hati za kimila zilipoandaliwa. Simu ya Ilalasimba na simu ya dalali huenda zilitoka kiwanda kimoja. Tofauti yake ni kwamba moja ilitembea na majirani, na nyingine inatembea peke yake.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza si kasi ya chombo, wala uzuri wa picha, wala wingi wa wafuasi. Tukiuliza chombo cha udalali kinafaa au hakifai, tuulize kimemleta shahidi gani. Tangazo la ardhi liseme ni ardhi ya kijiji, ya jumla au ya hifadhi. Liseme jina la kijiji na ofisi ambayo mnunuzi ataikuta, si lokesheni tupu. Liseme kama mwenzi wa muuzaji amekubali, na kama ni mali ya mirathi, liseme msimamizi wa mirathi ni nani. Liseme picha ilipigwa mwezi gani. Kwa watu walioona mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji na Kibiti, picha ya Septemba peke yake si habari kamili. Na juu ya yote, dalali aliyetuma tangazo aseme: mimi mwenyewe nimefika, au sijafika. Maneno hayo machache hayazidi mistari mitano, na simu ina nafasi ya kutosha.

Kijana wangu wa Kibiti atasema mteja atapita kwenda kwa mwingine. Huenda, kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na najua kwamba darasa hutambua haraka ni mwalimu gani anajua somo na yupi anasoma tu ubaoni. Wanunuzi nao watatambua, hasa wale waliokwisha kuumia.

Kwa wewe unayenunua, nakuomba jambo dogo. Kabla hujatuma shilingi moja, nenda. Nenda masika kama unaweza. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kama kuna hati, na kama ni ardhi ya kijiji, kaa na wazee wa pale unywe nao chai. Uliza shamba linaitwaje, maana shamba la kijijini huwa na jina, na nani alilima kabla ya muuzaji. Ukimkuta mama anapalilia, usimpite. Msalimie kwanza, umwulize yeye.